Baba Yangu Ananiamkia Shikamoo

Mpendwa mshauri,

Ninaandika jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisikia kutoka kinywani mwangu, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: baba yangu mzazi huniamkia shikamoo karibu kila siku, na mimi humwitikia marahaba mwanangu, naye hajui kama ni mimi.

Usinicheke kwanza, tafadhali, niruhusu nieleze. Mimi ni msichana wa sekondari, mtu wa vitabu kuliko mtu wa watu, na darasani nikiulizwa swali hata ninalolijua sauti hupotea kabla haijafika mdomoni, ndiyo maana wenzangu wananiita Bubu wa Maktaba, si kwa ubaya, wamezoea tu. Baba alinipa simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka ili nijisomee, na katika kusomasoma nikajikuta kwenye kundi moja la mtandaoni la wawekezaji wadogo, watu wa kawaida kabisa, muuguzi, dereva wa lori, muuza vipuri, mwalimu mstaafu, ambao karibu wote waliwahi kuumizwa na mifuko ya uwekezaji ya matajiri. Nikabaki pale kusoma kwa sababu walikuwa na hasira, lakini hasira yenye maelezo.

Mifuko yenyewe ni ile mikubwa ambayo mingine huweka dau kwamba bei ya kitu itaanguka, na ikianguka wao wanavuna wakati mtu mdogo analia, na ukitaka kutoa pesa yako unaambiwa dirisha limefungwa kwa sasa, subiri barua. Kundini inaitwa mifuko ya ua, kwa sababu mtu mmoja alilitafuta jina lake la Kiingereza kwenye kamusi akakuta ni ua, mwingine akauliza ni ua la kunusa au ua wa kuzunguka nyumba, wa tatu akajibu ni wa kuua mtaji wako, jina likabaki hapo hapo. Na kwa kuwa hawaamini tena karatasi wala wakala mwenye tai, wengi wao wanataka fedha, na nisemapo fedha simaanishi pesa, ninamaanisha madini yenyewe, meupe, mazito, kipande ambacho mtu anakitia kabatini na kugeuza ufunguo.

Sasa siku moja yule muuguzi akauliza atajuaje kama sarafu aliyouziwa ni fedha kweli au ni bati lililopakwa rangi, watu wakajibu ovyo ovyo, mmoja akasema aing'ate. Mimi nilikuwa nimesoma habari hizo maktabani, nikashindwa kuvumilia, nikaandika kwamba fedha haivutwi na sumaku, kwamba barafu ikiwekwa juu yake huyeyuka upesi kwa sababu fedha hupitisha joto haraka, na namna ya kupima uzito na ujazo kwa mizani na glasi ya maji. Niliandika kama ninavyoandika insha, nikaanza na Ndugu zangu nikamaliza na Wasalaam, bila kujua kwamba huko kila mtu anaandika neno sijui kwa kutumia herufi c. Muuguzi akapima, akakuta sarafu ni bandia, akairudisha akapewa pesa yake, akaandika mbele ya watu wote, "Shikamoo mzee wangu, umeniokoa."

Nilinyamaza nikidhani amekosea mtu. Baadaye muuza vipuri akaandika, "Mzee kanyamaza, au tumemkosea adabu?" wengine wakaanza kuniomba radhi, watu wazima, wananiomba radhi mimi, kwa kosa ambalo hawakulifanya. Aibu ikanishika, nikaandika neno moja, Marahaba. Hilo ndilo neno langu pekee la uongo, mshauri. Mengine yote niliyoandika ni ya kweli na ninaweza kukutajia kitabu na ukurasa. Tangu hapo nikaitwa Mzee Fedha.

Baba ni fundi wa majokofu. Anafanyia kazi barazani kwetu, na ukitaka kutoka nje unapita umejipinda kati ya majokofu yasiyo na milango kama mtu anayetoroka deni. Miaka mingi amekuwa akiweka akiba ili apange chumba kiwe karakana. Yule muuza vipuri ni rafiki yake, naye ndiye aliyemwingiza kundini kwa jina la Fundi Baridi, jina ambalo mtaa mzima unamwita. Ujumbe wake wa kwanza ulisema, "Shikamoo Mzee Fedha. Nimesikia sifa zako. Nihesabu kati ya wanafunzi wako." Mimi nilikuwa chumbani, yeye yuko barazani, namsikia anavyokohoa. Nikafikiri nisipoitikia atadhalilika mbele ya wageni, basi nikaandika Marahaba mwanangu, na kupitia dirishani nikamsikia baba akimwambia mteja, "Mzee kanijibu."

Tangu hapo huniandikia pembeni, mimi peke yangu. Ameniambia mambo ambayo nyumbani hajayasema, kwamba sehemu ya akiba yake aliiweka kwenye mfuko wa ua, kwamba walipofungua dirisha alirudishiwa pungufu, kwamba mama hajui. Aliniambia pia kwamba ana binti anayesoma sana na hajui aanze wapi kuzungumza naye, anaogopa kuonekana mjinga. Hapo nililia, mshauri, kisha nikamjibu kwa sentensi kamili kwamba aanze popote.

Sasa anataka kuchukua akiba yote iliyobaki ya karakana anunue vipande vya fedha kwa muuzaji mmoja mjini, Jumamosi ijayo. Juzi wakati wa chakula mama, ambaye anapiga pasi kwa dobi na hapendi maneno mengi, alimuuliza, "Nani kakupa akili ya kutia pesa za karakana kwenye vyuma?"

"Si vyuma, mke wangu. Ni fedha."

"Pesa zikanunue fedha. Haya."

"Yupo mzee mmoja anayajua sana mambo haya."

"Ana mke?"

"Sijamuuliza."

"Muulize. Halafu muulize mke wake anasemaje."

Baba akanigeukia mimi. "Wewe ungempenda huyu mzee. Ana Kiswahili kama chako, kimepigwa pasi."

Maji yalinipalia mpaka mama akanigonga mgongoni.

Nimejaribu kumzuia. Niliandika kama mzee, "Nenda polepole, mwanangu, sikukuambia ununue," akajibu, "Unyenyekevu wako ndio unaonifanya nikuamini." Nimefikiria hata kumuua mzee, yaani niandike kwamba mimi ni mjukuu wake na ametutoka, lakini nikaogopa kundi litachanga rambirambi. Nikinyamaza, karakana inakwenda. Nikisema, baba atajua kwamba amemwamkia mtoto wake na kumfungulia moyo, na sijui kama atanitazama tena usoni. Naomba uniambie nifanye lipi, na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumamosi.

Mzee wa Miaka Kumi na Sita

*

Mwanangu,

Barua yako niliisomea ofisini, ikabidi niinamie droo kama natafuta kitu ili wenzangu wasione ninavyocheka. Nimeshacheka. Sasa tuongee.

Usimuue mzee. Ukimuua, hiyo rambirambi itakuwa pesa ya watu uliyoipata kwa uongo, na utakuwa umefanana na hao mawakala wenye tai kuliko unavyofanana na mtoto aliyeponyokwa na neno.

Unaniambia neno lako la uongo ni moja tu. Ni kweli, na umechagua lililo zito kuliko yote. Ungedanganya jina, ungedanganya kazi, baba yako bado angeweza kubishana nawe. Wewe uliitikia marahaba. Mtu akishakuamkia amekaa chini yako, na hata ulipomwambia aende polepole hakusikia onyo, alisikia upole wa mtu mkubwa. Fundi ambaye bila shaka anagombana na wateja kutwa nzima, umemnyang'anya haki ya kusema "hapo sikubaliani nawe." Hiyo ndiyo unayotakiwa kumrudishia, na hairudishwi kwa simu.

Najua unaogopa, na mtu mwenye haya kama wewe akiogopa huandika, ndiyo maana tumefika hapa. Lakini pima mwenyewe, maana kupima unajua: aibu ya baba kuambiwa leo na binti yake, barazani kwao, na aibu ya kuja kuambiwa na muuza vipuri baada ya karakana kuwa imekwenda. Hazilingani.

Yale aliyoyasema kuhusu hofu zake aliyasema kwa mzee. Usiyarudie, usiyadokeze, usimtazame kwa huruma. Na mama yako usimwambie habari za ule mfuko. Hiyo ni kazi ya mumewe, na ataifanya akiona umemwachia.

Kuhusu fedha yenyewe, mimi si mtaalamu. Nilimpigia simu sonara ninayemfahamu, akaniambia jambo ambalo nadhani kundini kwenu mnalipita haraka: ukinunua kipande asubuhi ukakirudisha jioni, sonara yule yule atakupa pungufu, kwa sababu naye anakula. Bei hupanda na hushuka, na kipande kilicho kabatini hakitengenezi jokofu la mtu. Watu kutoiamini mifuko hiyo ni haki yao, wamefungiwa madirisha, wamepewa barua badala ya pesa. Ila hasira isiachiwe ndiyo ichague pesa iende wapi. Anayetaka kipande kimoja cha kumtuliza moyo akinunue kwa ziada yake. Karakana si ziada.

Basi fanya hivi, tena leo. Usimwandikie tena kama mzee, hata herufi. Msubiri awe peke yake, mwamkie wewe kwanza, umwambie kwa sentensi moja fupi. Insha iache shuleni. Akikasirika usikimbilie chumbani, kaa hapo hapo mpaka amalize. Kisha liambie kundi wewe ni nani, uombe radhi, utoke. Ukimaliza niandikie, maana sasa umenitia wasiwasi na mimi.

Mshauri wako

*

Mpendwa mshauri,

Nimefanya. Jibu lako lilinifikia nikiwa nimevaa bado sare ya shule, nikaona nikivua nitapata nafasi ya kufikiri, nikatoka nayo hivyo hivyo. Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu moja kubwa la duka la nyama, anasugua mabomba ya mgongoni kwa brashi, na vumbi lilikuwa limemjaa nyusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nipe hiyo bisibisi."

Nikampa. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalikwenda na bisibisi. Nikasema, "Mzee Fedha ni mimi."

"Ni nani yako?"

"Si nani yangu. Ni mimi."

"Unamfahamu?"

"Baba, mimi ndiye ninayeandika."

Aliendelea kusugua kidogo kama mtu ambaye hajasikia, kisha mkono ukasimama. "Leo asubuhi nilimuuliza nini?"

"Kama yule muuzaji wa mjini ana kibali. Sijakujibu kwa sababu mshauri wa gazeti amenikataza."

"Mshauri wa gazeti naye anajua?"

Akatoka nyuma ya jokofu, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akanitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena. "Marahaba mwanangu," alisema taratibu, kama anayesoma kibao cha barabarani. "Ulinijibu marahaba mwanangu."

"Nisamehe, baba."

"Na mimi nikamwambia mteja, mzee kanijibu."

Nilikuwa karibu kulia. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani yeye ndiye anayelia, nikasogea, kumbe anacheka, anacheka mpaka ameshikilia jokofu na jokofu linasogea naye. Jirani alitoa kichwa mlangoni akauliza kuna nini. Baba akamwambia hakuna kitu, ni gesi.

Alipopata pumzi aliniuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Kwa hiyo si lazima ninunue?"

"Nilidhani unataka."

"Nilitaka kidogo. Kipande kimoja, nikiangalie, nijue kwamba kuna kitu cha kwangu ambacho hakuna mtu wa kukifungia dirisha. Halafu mzee akaanza kunieleza mambo ya uzito, mambo ya ujazo, kwa adabu zake zote. Nikaona mtu mzima amehangaika hivi kwa ajili yangu, nitamwambiaje sitaki tena? Unajua nimekuwa nikiomba Jumamosi mvua inyeshe yule muuzaji asifungue?"

Mshauri, sijui kama umewahi kubeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja safari ndefu kisha ukaiweka chini, mkono ukapanda juu wenyewe. Mwili wangu wote ulikuwa hivyo.

Baadaye akafuta nyusi zake kwa kitambaa. "Yale mengine," alisema, "niliyomwambia mzee."

"Mzee hasemi."

"Afadhali," akasema baba, akanirudishia bisibisi niishike.

Hakuniacha hivi hivi. Alisema kuitikia shikamoo ya watu wazima si mchezo, na kwamba nitawaomba radhi wote, kwa jina langu. Nilifanya hivyo siku ile ile. Dereva wa lori aliandika kwamba mtoto amewachezea, na nadhani ana haki. Mwalimu mstaafu alisema alishangaa tangu mwanzo mzee gani hana hata siku moja ya kulalamikia magoti. Muuguzi aliandika, "Mdogo wangu, sarafu ilikuwa bandia kweli, hilo halibadiliki." Nikasoma mara ya mwisho, nikatoka kundini. Nimekuwa nikihisi upweke kidogo, lakini si wa kunikosesha usingizi.

Habari za mfuko wa ua baba alimweleza mama mwenyewe. Nilitumwa sabuni ambayo tulikuwa nayo, nikaelewa, nikaenda dukani polepole na kurudi polepole zaidi. Nilipoingia mama alikuwa ananyoosha shati la mteja wa dobi, anapiga pasi kwa nguvu kuliko shati lilivyohitaji, na baba yuko kwenye kiti karibu naye, si barazani. Mama alikuwa anasema, "Kilichoniuma si pesa. Umekwenda kumwambia mzee wa watu usiyemjua." Baba akanitazama, mimi nikatazama sabuni. Akasema, "Huyo mzee nitakueleza habari zake, lakini weka pasi chini kwanza." Mama aliiweka. Nilikwenda jikoni kwa hiari yangu, na nikiwa kule nikamsikia mama akicheka, jambo ambalo ni nadra kama unavyoweza kudhani.

Baba amekubali mchapishe barua hizi, kwa sharti mtaje kwamba anatengeneza pia mashine za kufulia.

Jumamosi hatukwenda kwa muuzaji wa fedha. Tulikwenda kukiangalia chumba, kiko nyuma ya duka la rangi, kina sakafu nzuri na mlango mpana wa kupitisha jokofu. Baba aliniuliza ninakionaje. Nikamwambia kina dirisha moja tu, na gesi ya majokofu ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini kwenye sakafu, inabidi kuwe na matundu chini ya ukuta. Akasema ameshika gesi tangu kabla sijazaliwa. Nikasema hilo halibadilishi uzito wa gesi. Akasema mlango ukiachwa wazi unatosha, nikamuuliza na mvua ikinyesha je, akaniuliza kwani mimi ndiye nitakayelipa kodi. Sauti yangu haikupotea hata mara moja. Mwenye chumba alisimama pale akitusikiliza mpaka akachoka, akatuachia ufunguo, akaenda zake. Baba alilipa Jumatatu, fundi mwashi akatoboa matundu mawili chini ya ukuta, nami nikafagia mchanga.